Mtunzi Ajipime kwa Mizani Gani?

Miji yetu ya mwambao haijapata kuwa na uhaba wa watunzi. Arusi haipiti bila ya shairi, msiba haupoi ila rambirambi imeshatungwa beti, na akija mgeni mkubwa mjini, kabla hajatulia kitini ameshasomewa utenzi. Haya ni mambo ya kumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini mwulize mtunzi mmoja, "Hebu nambie, bwana, katika utunzi wewe waweza nini, na nini huwezi?" utaona anababaika. Mmoja atakujibu kuwa yeye yote ayaweza. Mwingine, kwa kunyenyekea, atakwambia kuwa yeye si chochote, anajaribu tu. Majibu yote mawili ni ya mtu asiyepata kujitazama.

Muhasaba twaujua. Mwenye duka hufunga hesabu yake usiku, akajua kipi kimetoka na kipi kimelala juu ya rafu. Mwenye kumcha Mungu hujiuliza kabla ya kulala siku yake imekwendaje. Kwenye kalamu tu ndipo muhasaba unapotushinda, na sababu ni sifa. Mtu husoma shairi mbele ya kadamnasi, watu wakasema, "Mashaallah, kalamu yako ina asali!" Naye hajui kuwa waliosifu wamesifu sauti yake nzuri, au wamemsitahi baba yake, au wameifurahia arusi. Shairi lenyewe huenda hakuna aliyelisikiliza. Wako vijana wetu waliochukua akiba yao ya miaka, wakaipeleka kwa mpiga chapa kwa ajili ya sifa kama hizo, na leo maboksi ya diwani yamo chini ya kitanda, panya ndio wasomaji. Hasara hiyo si ya fedha peke yake. Wengi wao kalamu wameitupa, na pengine katika diwani hiyo mlikuwamo beti kumi za kweli ambazo hakuna aliyewaonyesha.

Nitakupa kisa cha zamani walichokipokea wanavyuoni wa fasihi ya Kiarabu, ambacho kwangu kina faida kuliko vitabu vingi vya kufundisha utunzi. Zama za Ujahilia alikuwako mshairi akiitwa Nabigha, wa kabila la Dhubyan. Huyu hakuwa mtu hivi hivi. Katika soko la Ukadh alikuwa akipigiwa hema la ngozi nyekundu, na washairi wa Bara Arabu wakija mmoja mmoja kumsomea tungo zao, naye akihukumu nani kamshinda nani. Basi hakimu huyu wa washairi mwenyewe alikuwa na ila katika vina vyake. Herufi ya mwisho ilikuwa ile ile, lakini irabu ikigeuka, huku kasra, huku dhumma. Kwa Kiswahili ni kama mtu aanze ubeti kwa kina cha "ri" kisha ateleze kwenye "ru". Waarabu waiita ila hiyo ikwaa. Watu wa Yathrib, mji ambao baadaye ulikuwa Madina, waliisikia. Lakini nani wa kumwambia Nabigha? Wakafanya hila ya kiungwana. Wakamwita mjakazi mwimbaji, wakamwambia aimbe beti za Nabigha mbele ya mwenyewe, na akifika kwenye kina aikokote sauti mpaka irabu idhihiri. Akaimba. Nabigha akasikia, akatanabahi, na wapokezi wasema kuwa hakuirudia tena. Mwenyewe alikuwa akikiri kuwa aliingia mji huo na kombo katika ushairi wake, akatoka hanalo.

Zingatia hapa, msomaji. Beti zile Nabigha alikuwa amezisoma yeye mwenyewe mara ngapi? Wala hakusikia kitu. Mtunzi akisoma utungo wake hausomi ulioandikwa karatasini, husoma uliomo moyoni, na uliomo moyoni hauna kosa hata siku moja. Ndimi zetu zina adabu mno kwa maneno yetu wenyewe. Penye shimo huruka, penye upungufu hujaza. Kwa hivyo ukitaka kujua ila zako, usisome wewe. Mpe mwingine asome kwa sauti, na afadhali awe mtu ambaye hukumweleza ulikusudia nini: mpwa wako arudiye skuli, au jirani. Wewe kaa kimya. Anapokwama usimsaidie. Pale pale alipokwama, pale ndipo pa kutia alama. Ikiwa huna mtu, simu uliyo nayo mkononi yaweza kukurikodi. Iweke siku tatu, kisha jisikilize kama unayemsikiliza mtu mwingine.

(Na wale wa Yathrib nao wana lao la kutufundisha. Hawakumfedhehi mgeni. Wahakiki wetu wengine wakiona kosa la kina kwa kijana huanza kwa kumwuliza nani aliyemdanganya kuwa yeye ni mshairi.)

Ila za mkono, yaani za vina na mizani, ndizo rahisi kuzijua, na kwa hivyo ndizo ambazo watu huzizungumza sana. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitutolea kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na tangu hapo hakuna mwenye udhuru wa kutojua kuhesabu. Hatari iko kwa yule anayehesabu vizuri. Nitakuundia mshororo mmoja kwa mfano: "Nawambia ndugu zangu, kweli haya nawambia." Hesabu. Mizani minane huku, minane kule, kumi na sita kamili, hakuna wa kukulaumu. Lakini umesema nini? Hukusema kitu. Umebisha hodi mara mbili, na mlangoni hukuingia. Chukua shairi lako ulipendalo, ufute kila "kweli", kila "hakika", kila "nawambieni" na kila "wenzangu" iliyotiwa kwa kujaza nafasi, kisha utazame kimebaki nini. Ikiwa katika kila ubeti imebaki mishororo miwili yenye maana, basi una nguvu kuliko unavyodhani. Yakibaki matundu kama ya wavu, basi kipaji chako mpaka sasa ni cha kuhesabu. Nacho ni kipaji, sikidharau. Lakini chataka kutiwa kitu ndani.

Wako wanaodhani kuwa udhaifu wao ni kukawia. Kijana huona mwenzake akitunga papo kwa papo mbele za watu, naye akachukua wiki tatu juu ya beti tano, akajiona hana kitu. Zuhair bin Abi Sulma, mmoja wa wenye Muallaqat, zilikuwako kasida zake ambazo ziliitwa "za mwaka", kwa kuwa yasemwa kuwa alizipitia na kuzitengeneza mwaka mzima kabla ya kuwatolea watu. Farazdaq naye, ambaye alikuwa bahari ya maneno, imepokewa kuwa alisema zilikuwa zikimjia saa ambazo kung'oa jino kulikuwa kwepesi kwake kuliko kutoa ubeti mmoja. Wepesi na uzito wa kutunga ni tabia tu, kama mtu kula haraka au kula polepole.

Kuna neno jingine ambalo wapokezi wamelitaja kwa Ibnul-Muqaffa, na wengine kwa Khalil bin Ahmad, yule aliyeivumbua elimu ya arudhi. Mmoja wao aliulizwa kwa nini hatungi mashairi na hali elimu yote anayo. Maana ya jibu lake ni kuwa lile alipendalo halimjii, na lile limjialo halipendi. Tazama insafu ya mtu! Jicho lake lilikuwa kali kuliko mkono wake, naye akalijua hilo, akaitia nguvu yake mahali pengine, ulimwengu ukafaidika. Katika watunzi wetu wengi mambo ni kinyume: mkono una wepesi, jicho halioni. Kila lijalo wanalipenda.

Sasa tuje kwetu, na nianze na mkubwa, ili pasiwe na mtu wa kusema kuwa nawaonea wadogo. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, hana haja ya sifa zangu. Lakini chukua tungo zake mbili uziweke pamoja. Mmoja ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, ambao wahadithia vita vikuu vya 1939 hata 1945 kwa beti nyingi mno. Wa pili ni ule wa kumlilia mkewe Amina, ulio katika kitabu cha maisha yake, beti chache tu. Nani katika nyumba zetu anayeuhifadhi wa kwanza? Na nani aliyepata kusoma wa pili asimkumbuke maiti wake?

Sisemi kuwa utenzi wa vita ni mbovu. Kazi ya mtu aliyeweza kuendesha beti zote hizo bila ya kuanguka ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini vita vile vilipiganwa Ulaya, majangwa ya Afrika ya Kaskazini na bahari za mbali, na Shaaban alikuwa huku, mtu wa ofisini, akipata habari kama walivyozipata wengine. Kwa hivyo kila ubeti una tarehe, una majina ya miji na ya majemadari, na mara nyingi unapita kama gari la moshi lipitalo stesheni bila ya kusimama. Kwa Amina hakuwa na haja ya habari za mtu. Aliwekeza mwenyewe. Maneno ni ya kila siku, hakuna msamiati wa kutafutwa kwenye kamusi, na huzuni imeshikwa kwa adabu, haikuachiliwa ikapiga kelele. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: katika jambo alilolibeba kifuani, alisemalo kwa upole kama asemaye na mtu mmoja. Ukisoma Utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, utaikuta nguvu ile ile. Haya si kwa sababu ya ufupi na urefu tu. Ni kwa sababu ya nani anayeambiwa. Shaaban akisema na mtu wake, twamsikia. Akisema na dunia nzima, wakati mwingine twasikia hotuba.

Kwa hivyo ewe unayejipima, usijiulize tu, "Natunga vizuri?" Jiulize, "Nikisema na nani, ndipo maneno yangu hupata damu?" Wako ambao huandika barua kwa ndugu zao zikasomwa nyumba nzima kwa machozi na vicheko, kisha wakikaa kuandika hadithi huvaa Kiswahili cha suti na tai. Nguvu zao zimo katika zile barua. Hawajui.

Mwana Kupona alijua. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mtu wa vita, aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said, na nyumbani kwa bibi huyu habari za mapigano hazikuwa hadithi za mbali. Lau angetaka kutunga utendi wa vita, habari alikuwa nazo tele. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake akae karibu na kalamu na wino, akamwambia yale ambayo mama aliye kitandani humwambia mwanawe. Leo ziko hoja juu ya mawaidha yale ya mke kwa mume, na kila mtu na rai yake. Mimi hapa natazama utunzi tu. Mwenye utendi ule hakutia neno moja asilokuwa na mamlaka nalo.

Na Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki mwaka 1840, ni hivyo hivyo kwa njia nyingine. Yeye nguvu zake zilikuwa katika ufupi. Tungo zake nyingi ni ubeti mmoja au beti chache, zenye makali kama wembe, juu ya vita, siasa, mapenzi, bei ya mambo na vitimbi vya mji. Isitoshe, alikuwa na mahasimu wa kujibizana nao, na hasimu ni mizani nzuri kuliko rafiki, maana yeye hulala macho akitafuta pale ulipolegea. Katika kujibizana kwa mashairi, desturi yetu hii ya zamani, mtunzi alikuwa akipimwa kila wiki bila ya kulipa ada.

Sasa niguse lile linalotuhusu zaidi sisi wenye kusoma na kuandika katika kurasa kama hizi. Sura ya ishirini na sita katika Qur'ani Tukufu imeitwa kwa jina la washairi, na mwishoni mwake wametajwa kwa lawama wale ambao huzurura katika kila bonde na husema wasiyoyatenda, kisha wakatolewa katika lawama hiyo wenye kuamini na kutenda mema. Tafsiri ya aya hizo ina wenyewe, nami siiingilii. Lakini mwenye kalamu akizisoma hukosi kumgusa. Sisi twapenda kutunga nasaha. Ubeti wa kwanza bado haujesha, tumeshamkanya msomaji. Na udhaifu mkubwa wa nasaha hauko kwenye vina, uko pale ambapo mtu anamkataza mwenzake jambo ambalo yeye hakupata hata siku moja kutamani kulifanya, au, vibaya zaidi, jambo ambalo alilifanya jana. Msomaji hunusa. Hajui amenusa nini, ila huweka kitabu chini.

Katika hadithi ila hii huzaa watu wa mbao: mwema ni mwema tangu ukurasa wa kwanza, mwovu hata chai anainywa kwa uovu. Linganisha na Bwana Maksuudi katika Utengano wa Said Ahmed Mohamed, riwaya ya mwaka 1980. Ni mzee wa heshima zake mjini, amewafungia wa nyumbani kwake, na ya kwake ya nje wayajua wenyewe. Mwandishi hana haja ya kusimama mlangoni na kutuhubiria. Matendo ya mzee yatosha, na yaliyomfika bintiye Maimuna yatosha. Tena twamtambua. Kila mtaa una Maksuudi wake. Mtu akikuhadithia kuwa yeye ana kipaji cha mawaidha, mwombe akuandikie ukurasa mmoja juu ya mtu mbaya, bila ya neno moja la kulaani. Akiweza, anacho. Asipoweza, ana hasira tu.

Na usidhani kuwa kujua mpaka wako ni kujifunga. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale chake kilitoka mwaka 1960, alimwandika Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na Najum pembeni, kitabu baada ya kitabu, kwa miaka kumi na sita na zaidi. Alikuwa amefanya kazi ya afya kisha ya gazeti. Alijua majumba ya watu, na alijua jinsi watu wanavyosema wakificha jambo. Kwa hivyo watu wake huzungumza, huulizana, huzungushana, na mafumbo hufumbuliwa kwa akili. Wa kumlaumu kuwa amekopa kwa Sherlock Holmes wapo, nao hawakusema uongo. Ila mazungumzo yale hayakukopwa popote. Ni ya barazani Unguja.

Nimebakisha watu ambao ndio walionifanya niandike haya yote, nao ni wale ambao hujipima chini ya uzito wao. Wewe bibi usomaye ukurasa huu jioni, watoto wamelala, na daftari lako liko baina ya kanga kabatini. Umeandika humo miaka. Hujamwonyesha mtu, kwa kuwa skuli hukufika mbali, au kwa kuwa kaka zako ndio wanaoitwa washairi. Kudai usichonacho ni ujuba, lakini kukikana ulichonacho pia ni kusema uongo juu ya hiba ya Mungu. Hebu lifungue daftari hilo usome kama mtu baki. Labda utaona kuwa vina vyako vinayumba. Hivyo vyafundishika kwa mwezi mmoja. Labda utaona kuwa ukiandika juu ya mjini, juu ya serikali, maneno yanakauka; hayo achana nayo, wako wengine wa kuyaandika. Tazama ukurasa ule ulioandika usiku aliougua mtoto, au siku mama mkwe alipofariki nanyi mlikuwa hamsemezani. Je, mna neno la kujaza humo? Kama hamna, weka alama hapo, na kuanzia hapo endelea.

Utendi wa Mwana Kupona nao ulikuwa wa mama na mwanawe ndani ya chumba. Ulinakiliwa kwa mikono, nyumba kwa nyumba, na Alice Werner na William Hichens walipoutoa kitabu mwaka 1934, beti zake zilikuwa zimeshakaa midomoni mwa watu wa Lamu na Pate miaka sabini na sita.